Kima Aliyekionea Wivu Kilio cha Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa pwani, penye mchanga na mawimbi!

Na nyinyi mpo?

Tupo, sema tukusikie!

Basi sogeeni. Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati watu na wanyama walipokuwa wakiazimana chumvi na kupeana moto wa kuwashia jiko, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Kijiji hicho kikiitwa Mwambakoma. Watu walikaa humo, na wanyama walikaa humo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake una miguu mingapi.

Katika kijiji hicho walikuwako majirani wawili, wote wanawake. Mmoja alikuwa kima, jina lake Mashavu. Wa pili alikuwa funo, yule mnyama mdogo mwekundu afananaye na paa, jina lake Mwanakombo. Mashavu alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Mwanakombo naye alikuwa na binti mmoja, Mize. Mama wale walikuwa mashoga, marafiki walioshibana. Mmoja akipika mbaazi, mwenziwe hula. Mmoja akipata samaki, mwenziwe hupewa kichwa. Na watoto wao hucheza pamoja mchana kutwa, hata usijue yupi wa nani.

Siku moja ikaja tufani.

Tufani ile haikubisha hodi. Upepo ulivuma, bahari ikavimba, minazi ikalala chini kama nyasi. Mawimbi yakapanda mpaka kijijini, yakaingia majumbani, yakachota yalichokitaka, yakarudi nacho.

Kulipokucha, jua likatoka kana kwamba halijui kitu. Watu na wanyama wakatoka kutazama. Wakaona mitumbwi imekaa juu ya miti. Wakaona vinu vinaelea. Wakaona makuti ya nyumba hii yamelala kwenye shamba la yule.

Nyumba ya Mashavu ilikuwa imesimama. Ilikuwa nyuma ya mwamba, na mwamba uliipokea ile dhoruba. Hata chungu chake cha maji hakikumwagika.

Lakini nyumba ya Mwanakombo haikuwapo. Palikuwa na mchanga mtupu. Na Mize, mwanawe, hakuwapo. Bahari ilimpokonya mikononi mwa mama yake, na mama akatupwa ufukweni amezirai. Wakamtafuta Mize siku ile, wakamtafuta kesho yake, hawakumwona.

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Basi kijiji chote kikamwendea Mwanakombo. Wakatandika mikeka chini ya turubai la matanga ya mitumbwi, wakakaa naye. Huyu alileta chungu. Huyu alileta unga. Huyu alileta doti ya kanga, mpya, haijaguswa na maji. Bi Zamda, mwanamke mmoja mtu mzima, mfumaji wa makuti, akawa analeta uji kila asubuhi na kumlisha kwa mkono wake, maana Mwanakombo alikuwa hali.

"Pole, mwanangu," husema Bi Zamda. "Mungu akupe subira."

"Nimeshapoa, bibi," hujibu Mwanakombo, na machozi yanamtoka.

Mashavu naye siku ya kwanza alikwenda. Alilia sana, maana Mize alikuwa kama mwanawe. Siku ya pili akaenda, akalia kidogo. Siku ya tatu alikaa pembeni ya mkeka akawa anatazama.

Akatazama chungu. Akatazama unga. Akatazama kanga mpya. Akatazama jinsi kila ajaye humshika Mwanakombo mkono, akamwita mama yetu, dada yetu, mwenzetu. Na vijana walikuwa wameshaanza kumjengea nyumba mpya, wanakata boriti huku wanaimba.

Akarudi kwake, akakaa kizingitini. Bi Zamda akapita na bakuli la uji.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, Mashavu. Hujambo? Nyumba yako imesimama, mwanao mzima. Mshukuru Mungu." Akapita zake, uji unatoa moshi.

Akapita mwingine. "Ee Mashavu, wewe una bahati! Shukuru." Akapita zake.

Akapita Kunguru. "Kwako hata kuti moja halikuruka! Shukuru." Akaruka zake.

Mashavu akajisemea, "Kila apitaye ananiambia nishukuru. Hakuna hata mmoja anayeniuliza nimelalaje. Je, mimi sikuogopa? Upepo haukunililia mimi masikioni usiku kucha? Mwanakombo ana nini nisichokuwa nacho?"

Hapo, jamani, wivu ukampanda. Na wivu una tabia ya panya. Ukiuruhusu tundu dogo, huingia wote.

Akasema, "Kumbe dawa ni kubomokewa. Nami nitabomokewa."

Watu walipokuwa wamekwenda kukata boriti, Mashavu akapanda juu ya nyumba yake. Akang'oa makuti upande wa nyuma, akayatupa huku, akayatupa kule. Kisha akashuka, akajipaka vumbi usoni, akapiga yowe.

"Uwiii! Jamani, upepo umerudi! Umeniezulia nyumba!"

Watu wakaja mbio. Wakatazama juu, wakatazama makuti chini.

"Pole, Mashavu, pole," wakasema.

Kunguru akainamisha kichwa upande mmoja. "Upepo gani huu? Mimi nilikuwa juu ya mnazi, sikuusikia."

"Wewe ulikuwa umelala," akajibu Mashavu.

Bi Zamda akaleta makuti aliyoyafuma. Wakamwezekea nyumba mara moja, wakampa na nazi. Mashavu akafurahi. Akawatandikia mkeka mzuri, akangoja wakae wampe pole.

Hawakukaa. Walijifuta jasho, wakasema, "Haya, Mashavu, tunakwenda kwa mfiwa." Wakaenda zao. Yule Mashavu akabaki na mkeka wake mtupu.

Wivu ukazidi. Akasema, "Kumbe nyumba peke yake haitoshi. Nitaumia na mwili."

Akachukua vyungu vyake, akavipiga chini, pwaa! Akachukua unga wake, akaumwaga mchangani. Akajifunga mguu kwa kitambaa, akalala katikati ya vigae, akapiga yowe.

"Uwiii! Boriti imelegea kwa ile tufani, imeniangukia! Mguu wangu! Vyungu vyangu!"

Watu wakaja mbio. Wakaleta chungu, wakaleta unga. Bi Zamda akakaa chini, akaukamata mguu, akaukanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, taratibu. Mashavu akafumba macho. Akasema moyoni, leo ni zamu yangu.

Lakini Bi Zamda, mkono ukikanda, mdomo ulikuwa unasema, "Masikini Mwanakombo. Jana alikula vijiko viwili tu. Akisikia mtoto analia, hugeuka. Hudhani ni wake."

Mashavu akafumbua macho.

"Na nyumba yake iko karibu kwisha," akaendelea Bi Zamda. "Lakini atalala na nani ndani yake? Haya, mguu wako hauna kitu, mwanangu. Haukuvimba hata kidogo. Mshukuru Mungu." Akainuka, akaenda zake kwa Mwanakombo.

Mashavu akakitupa kile kitambaa. "Hata mguu wangu unakandwa kwa habari za Mwanakombo! Chungu nimepata. Unga nimepata. Kuezekewa nimeezekewa. Bado ni Mwanakombo, Mwanakombo! Amenishinda kwa nini?"

Akafikiri, akafikiri. Kisha akapata jibu, na jibu lenyewe likamfanya ajishike mdomo.

"Amenishinda kwa kufiwa. Yeye amefiwa. Mimi sijafiwa."

Akamgeukia Kidawa, aliyekuwa anacheza na vigae vya vyungu.

Ndugu zangu, msinikatize hapa. Mwovu hajioni mwovu. Mashavu alimpenda mwanawe. Alisema moyoni, "Nitamficha kidogo tu. Nitalia, watakuja, watakaa, watanishika mkono. Kisha nitasema ameonekana, nao watafurahi. Kuna ubaya gani?"

Akamchukua Kidawa mpaka kwenye mikandaa, ile mikoko iotayo kando ya bahari. Maji yalikuwa yametoka, tope jeusi linang'aa. Chini ya jabali moja palikuwa na pango dogo, mlango wake unatazama bahari. Akamwingiza humo. Na kwa kuwa alimjua mwanawe, hatulii, akamfunga kiunoni kwa kamba ya usumba wa nazi, akaifunga kamba kwenye mzizi.

"Kidawa mwanangu, tunacheza mchezo. Kaa humu, usitoke. Ukisikia watu wanaita, nyamaza. Mpaka nije mimi."

"Utakuja lini, mama?"

"Wageni wakishamaliza kuleta, nitakuja."

Akaondoka. Lakini katika mahesabu yake Mashavu alisahau jambo moja. Zile zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Na siku za bamvua pango lile hujaa mpaka juu.

Mashavu akafika kijijini, akajitupa mchangani.

"Uwiii! Uwiii! Kidawa wangu! Alikuwa anaokota kombe ufukweni, wimbi limemchukua!"

Safari hii hakuna aliyeuliza. Hata Kunguru hakuuliza. Wakaja wote. Wakatandika mikeka. Wakamkalisha Mashavu katikati. Akaletewa vyungu, akaletewa unga, akaletewa mkeka wa rangi. Wanawake wakamshika mkono, wakamwita mama yetu, dada yetu, mwenzetu. Bi Zamda akampakata kichwa.

Na Mashavu, huku analia machozi ya uongo, moyoni anaona utamu. Alikuwa anahesabu nani amekuja, na nani alikuwa akikaa kwa Mwanakombo ambaye sasa anakaa kwake.

Mara watu wakapisha njia. Mwanakombo mwenyewe amekuja, anayumba kwa udhaifu. Alikuwa amejitanda ile kanga mpya aliyopewa. Akaivua, akamfunika nayo Mashavu mabegani.

"Shoga yangu," akasema, "sikutaka uujue uchungu huu. Sikutaka mtu yeyote aujue. Nilikuwa nikikuona na Kidawa wako nikisema afadhali mmoja wetu amebakiwa."

Mashavu akatazama chini.

"Mize wangu nilishindwa kumtafuta," akaendelea Mwanakombo. "Nilikuwa nimezirai. Waliponiamsha bahari ilikuwa imeshakwenda naye mbali. Lakini leo nina miguu. Huyu nitamtafuta mimi."

"La!" Mashavu akamrukia mkono. "Usiende! Kaa hapa nami, shoga. Huna nguvu."

"Nguvu hii ndogo niliyonayo naiweka kwa ajili ya nani?" Akaondoka, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mpaka ufukweni.

Mashavu akamfuata kwa macho. Na macho yake yalipofika ufukweni, yakaona kitu kingine. Yakaona maji. Maji yalikuwa yanapanda. Yalikuwa yameshapita kwenye mawe ya kufulia, nayo hayakusimama.

Akainuka. Bi Zamda akamshika.

"Kaa, mwanangu. Mfiwa haachiwi kwenda baharini."

"Niache, nina haja."

"Najua haja yako. Unataka kujitupa majini umfuate mwanao. Hatukuachi."

Mashavu akakaa. Akasema moyoni, nikisema kweli wataondoka wote. Watachukua vitu vyao na mapenzi yao warudi kwa Mwanakombo. Ngoja kidogo. Labda maji yatasimama.

Kule pangoni Kidawa aliona maji yanaingia. Akanyamaza, maana aliambiwa anyamaze. Maji yakamfika magotini. Hapo akaanza kuimba, taratibu, asije akasikiwa na wageni. Na nyinyi mniitikie:

*Mama njoo, maji yaja,*
*yamenifika magotini.*
*Uliniambia ninyamaze,*
*nikinyamaza nitazama!*

Nikinyamaza nitazama!

Maji yakazidi. Akaimba kwa sauti:

*Mama njoo, maji yaja,*
*yamenifika kiunoni.*
*Uliniambia ninyamaze,*
*nikinyamaza nitazama!*

Nikinyamaza nitazama!

Kule kijijini Mashavu hakuweza tena. Akasimama, akapiga kelele. "Yupo hai! Kidawa hajafa! Nimemfunga pangoni kwenye mikandaa! Niacheni nikamfungue!"

Wanawake wakatazamana, wakatikisa vichwa. "Masikini. Huzuni imempanda kichwani."

"Nasema kweli! Nilidanganya! Niacheni!"

"Ndivyo walivyo wafiwa," wakasema. "Hata Mwanakombo siku ya kwanza alisema Mize yuko mlangoni anabisha." Wakamshika kwa nguvu zaidi, kwa upendo, mikono mingi, kila upande. Mapenzi yale yale aliyoyatamani ndiyo yaliyomfunga. Akauma, akapiga teke, wasimwachie.

Mwanakombo alikuwa anazunguka kwenye mikandaa, maji yanampiga kifuani, hajui aende wapi. Mara akasikia:

*Mama njoo, maji yaja,*
*yamenifika kifuani.*
*Uliniambia ninyamaze,*
*nikinyamaza nitazama!*

Nikinyamaza nitazama!

Mwanakombo akasimama. Akasema, "Nimeshazoea. Kila siku namsikia mtoto, na kila siku si kweli." Lakini miguu yake haikumsikiliza. Ilikwenda. Akaona mlango wa pango, umebaki uwazi mdogo tu juu ya maji. Akajitosa.

Ndani akakuta uso wa mtoto, umeinuka unatafuta hewa. Akamvuta. Mtoto haji. Akavuta tena. Mtoto haji. Akapapasa, akapata kamba. Funo hana vidole vya kufungulia fundo. Akapiga mbizi, akaikamata ile kamba kwa meno, akaitafuna. Chumvi ikamjaa kinywani, fizi zikatoka damu, akatafuna. Kamba ikakatika. Akambeba Kidawa mgongoni, akatoka naye huku mawimbi yanawazidi, akateleza, akainuka, akateleza, akainuka, mpaka mchangani.

Walipofika kijijini wote wawili wanatiririka maji. Watu wakapiga vigelegele. Wakamwachia Mashavu. Akaenda mbio, akamkumbatia mwanawe, akamfunika kwa ile kanga.

Kidawa akatazama mikeka. Akatazama vyungu na unga. Akamuuliza mama yake, na sauti yake ya kitoto ilisikika kwa kila aliyekuwapo:

"Mama, wageni wameshamaliza kuleta?"

Vigelegele vikakatika.

"Ulisema utakuja wakimaliza. Nilinyamaza, mama. Lakini kamba ilinibana."

Watu waliitazama alama ya kamba kiunoni mwa mtoto. Kisha Bi Zamda akainuka, akachukua chungu alicholeta, akajitwika. Mwingine akainuka, akachukua unga wake. Mwingine akauviringisha mkeka wake. Hakuna aliyetukana. Walipita mbele ya Mashavu mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ashukuru.

Akabaki Mwanakombo.

"Shoga," akauliza, "ulitaka nini changu?"

Mashavu akalia, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli. "Niliona wanakupenda."

"Ungetaka chungu, ningekupa. Ungetaka nyumba ile mpya, ungelala humo, mimi nikalala nje. Lakini wewe ulikitaka kilio changu. Hicho sina namna ya kukumegea."

Akageuka aende. Mashavu akamvua mtoto ile kanga amrudishie. Mwanakombo akatikisa kichwa. "Mwache nayo mtoto. Anatetemeka."

Basi, siku zikapita. Kijiji kikajengwa upya. Lakini Kidawa hakupona ile hofu. Kila maji yanapojaa, akisikia bahari inanguruma, huruka kitandani, hutoka mbio. Wala hamkimbilii mama yake. Humkimbilia Mwanakombo, akajificha nyuma yake.

Mashavu husimama mlangoni akatazama. Wivu humchoma kuliko siku zote, maana sasa anaonea wivu kilichokuwa chake mwenyewe. Na hana wa kumwambia.

Ndipo Mwanakombo humshika Kidawa, humtuliza mpaka mtetemeko uishe. Kisha humrudisha mwenyewe, mpaka kizingitini kwa Mashavu, na husema neno moja tu:

"Mwana ni wako. Mshike."

Na Mashavu humshika. Siku nyingine mtoto hukaa. Siku nyingine huponyoka tena.

Mafunzo ya ngano hii, wenzangu, ni haya. Uliyebakiwa, usimwonee wivu aliyenyang'anywa. Pole wanayopewa watu si zawadi. Ni kiraka juu ya tundu, na anayekitaka kiraka lazima kwanza achanike.

Hapo ndipo maji yaliponikomea. Kama ngano imewakolea, ondokeni nayo mkawasimulie walioko nyumbani. Kama imemchoma mmoja wenu, asiseme ni nani. Aiache hapa hapa, na mimi nitaifukia mchangani.